Jina la Baba Mkwe Juu ya Ukurasa Wangu

Shinyanga, Jumatano, Novemba 1999

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imekata. Barabara ya sokoni ni tope tupu, na harufu ya mbegu za pamba zilizolowa imeingia mpaka humu ndani. Naandika "mvua" kwa Kiswahili kwa raha zangu. Kwa Kisukuma neno hilo sijalitamka tangu nilipoolewa. Nitaeleza, maana wewe unayesoma huko uliko huenda hujui mambo ya kwetu, na bila kuyajua hutaelewa yaliyonikuta leo mchana.

Niko nyuma ya duka la vitambaa la familia ya Mama Imran, katikati ya majora ya amerikani na katoni za nyuzi. Mbele yangu kuna kompyuta. Duka likifungwa kwa chakula cha mchana, simu inakuwa haina kazi, na hapo Mama Imran ananiachia niandike.

Nimeandika hapa tangu kiangazi na bado sijazoea. Haya maneno yanapita kwenye waya ule ule wa simu uliopigiliwa misumari juu ya mlango, yanakwenda Mwanza, kisha yanakwenda nisikokujua, na mtu aliyelala usiku wake mimi nikiwa mchana anaweza kuamka akayakuta. Mama Imran alisomea kompyuta Dar kabla ya kuolewa huku, na amenieleza mara nyingi inavyokuwa. Naitikia kwa kichwa. Sielewi, jamani. Kila mara naondoka hapa nikitazama ule waya kwa heshima, na jana nilimfukuza ndege aliyetua juu yake.

Mimi ni fundi cherehani. Zamani nilishona sare za shule na magauni ya harusi, lakini mitumba ilipojaa sokoni nani tena angeshonesha? Cherehani ikageuka meza ya kuwekea thermos. Nilikuwa nimeanza kujiandaa kurudi Songwa kwa wakwe kushika jembe, ndipo kazi ya mifuko ikanikuta.

Wapimaji wa dhahabu wamejaa huku, kuanzia Bulyanhulu hadi Geita. Wakichota udongo wanautia kwenye mfuko mdogo wa amerikani wenye kamba ya kufungia, kila udongo na mfuko wake, na wanachota kutwa. Nilishona mifuko hiyo kwa dalali mmoja wa Kahama. Nilishona mpaka kiuno kikakataa. Baadaye nikaja kusikia kwamba huko kambini dalali anasema ana karakana yake mwenyewe, na kwamba hakuna aliyejua kama mimi nimezaliwa.

Niliumia sana.

Mama Imran ndiye aliyeniambia nifungue ukurasa huu kwenye mtandao. Alisema mwenye kununua mfuko anataka kwanza kumjua aliyeushona, kwa hiyo niandike habari zangu: nimeamkaje, nimekata nini, uzi gani umenisumbua, nimecheka nini. Nikaona ni mzaha. Nani atakaa chini kusoma uzi ulivyonisumbua? Lakini wapo. Wameniandikia watu ambao sitawaona mpaka nakufa, mmoja akaniuliza kama sindano ya cherehani niliyoivunja wiki ile nimepata nyingine. Nililia, na wala sikujua nalilia nini.

Shida ilianzia kwenye jina.

Siku ya kwanza Mama Imran aliniuliza ukurasa tuuite nani. Nikamwambia Mama Doto, ndivyo ninavyoitwa na kila mtu. Akacheka mpaka akashika kaunta. Kweli, ukisimama sokoni hapa ukaita Mama Doto, nusu ya wanawake watageuka, maana mapacha kwetu hawahesabiki. Akasema jina la biashara liwe la mtu mmoja tu, na liwe fupi. Akachukua kadi yangu ya kliniki kwenye mkoba, akanakili jina la ukoo, na mara likatokea juu ya kioo kwa herufi kubwa nyeusi.

Nikageuza uso ukutani.

Jina lile ni la baba mkwe wangu. Si nyumba zote za Kisukuma zinashika sana siku hizi, lakini ya kwetu inashika. Mwanamke aliyeolewa hamtaji baba wa mumewe kwa jina. Hakai naye, hampi kitu mkono kwa mkono, hamtazami usoni. Na jina lake limetokana na mvua, kwa sababu alizaliwa inanyesha, kwa hiyo hata neno la Kisukuma la mvua naliruka. Nasema "maji ya juu." Mama mkwe huwa ananicheka, naye analiruka la baba mkwe wake hivyo hivyo.

Nimeishi hivyo bila taabu. Hospitali nesi akiuliza jina la ukoo natoa kadi. Shuleni nawaacha watoto waseme wenyewe. Kwenye mambo makubwa mume wangu ndiye mdomo wangu. Ila yeye ni dereva wa malori ya pamba, na msimu huu yuko njia ya Dar.

Sikumwambia Mama Imran alifute. Nilijiambia sijalitamka, limeandikwa na mtu mwingine, kwenye mashine, kwa Kizungu na Kiswahili. Kila nikija kuandika naweka kipande cha kitambaa juu ya kioo kufunika pale lilipo, nafanya kazi yangu, naondoka. Nilidhani nimepata akili sana.

Wiki iliyopita simu ya dukani ililia, wakasema ni yangu. Mwanamume mmoja kutoka ofisi ya kambi ya utafiti upande wa Geita. Alikuwa ameuona ukurasa, wanataka mifuko ya msimu mzima, moja kwa moja bila dalali. Akauliza, "Nani mwenzangu?" Nikasema Mama Doto. Akasema hapana, anamtaka mwenye ukurasa, na anataka kuhakikisha asije akaongea na dalali mwingine tena. Jina lako kamili nani, mama?

Nikauzungusha waya wa simu kidoleni.

Akarudia kuuliza. Nilikuwa na jibu mdomoni na mdomo haukufunguka. Nilimtafuta Mama Imran kwa macho, alikuwa nje anapokea mzigo. Yule mtu akasema "Haloo? Haloo?" kisha ikakatika. Niliuweka mkono wa simu mahali pake taratibu, nikakaa juu ya jora la amerikani. Ndiyo kazi niliyoiomba usiku na mchana, imenipigia simu yenyewe, nami nimeshindwa kuiambia naitwa nani.

Mama Imran hakunicheka. Alimwandikia yule mtu barua kwa kompyuta, akamweleza laini ilikatika, akamwomba apige tena. Jibu lilikuja: atapiga Jumatano mchana, na asiponipata atarudi kwa dalali, maana wapimaji wanaingia porini.

Jumatano ndiyo leo.

Na leo hiyo hiyo asubuhi, nikiwa sijamaliza hata chai, mama mkwe akanitumia salamu kwa utingo wa lori. Huko Songwa wamesikia kwamba mkwe wao analionyesha jina la mzee kwa Wazungu. Mzee amekasirika au hakukasirika, utingo hakujua. Alichojua ni kwamba wote wawili wako njiani, wamepanda lori la mbegu, na mzee amevaa koti.

Koti lile huvaliwa kwenye mashauri na misiba.

Sijui nilivyofika dukani. Nilikuwa nawaza maneno mawili tu: akisema jina lifutwe, litafutwa, na akisema lifutwe kabla simu haijalia, basi mimi si kitu tena. Kurudi kwa dalali nisingeweza, alishasikia habari za ukurasa na kunitumia matusi. Kilichobaki kilikuwa jembe.

Wakafika duka likiwa linafungwa. Mzee na koti lake, fimbo, mabuti ya mpira yenye tope mpaka magotini. Mama Imran akampa kiti mbele ya kaunta na kumwamkia shikamoo. Mimi nilipiga magoti nyuma ya majora, nikasema kwa sauti ndogo, "Mwadila, baba." Akaitikia huku akitazama mlangoni, "Mwadila, mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo tunavyosalimiana miaka yote. Mama mkwe akakaa katikati yetu, maana neno lolote kati yangu na mzee linapitia kwake.

Mzee akaanza bila kuzunguka. Akasema amesikia jina lake limewekwa kwenye mashine, na amekuja kuliona.

Mama Imran akanisogelea, akaninong'oneza. Kompyuta ikishika laini, simu haiwezi kuingia. Yule wa kambini anaweza kupiga dakika yoyote. Akashauri tumwonyeshe mzee nakala iliyomo ndani ya mashine, haihitaji laini, na inafanana kabisa. Mzee hatajua.

Lakini mzee alikuwa ameshauliza kupitia kwa mama mkwe: hilo jina liko humu dukani, au liko huko? Akaonyesha kwa fimbo juu, kwenye waya, kama anayejua.

Nikamwambia Mama Imran aunganishe laini.

Sina ujasiri mimi, mnanijua mnaonisoma. Ila nilimwona yule mzee amekaa na koti lake lililolowa, amepanda lori kwenye mvua kuja kulitazama jina lake, na nikaona siwezi kumdanganya mbele ya macho yake. Yule wa kambini akipiga na kukuta laini imeshikwa, basi.

Kile kidude cha kuunganishia kikapiga kelele zake, kama ndama aliyebanwa mlangoni. Mzee akashika fimbo vizuri. Kisha kioo kikaanza kujaa kutoka juu, polepole kama kawaida yake, mstari baada ya mstari, na kwa kuwa jina liko juu kabisa ndilo lililotangulia. Nilikuwa nimesahau kuweka kitambaa.

Mzee hakusoma shule. Lakini enzi za kisomo cha watu wazima alijifunza kitu kimoja akakishika, kuandika jina lake, ili awe anatia sahihi mwenyewe akiuza pamba. Kwa hiyo hakuhitaji mtu wa kumsomea. Alinyanyuka kwenye kiti. Akazunguka kaunta, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akakipeleka mpaka ya mwisho.

Akasema, "Ni mimi huyu."

Akauliza nani anaweza kuliona. Mama Imran akamwambia yeyote mwenye mashine kama hii. Mwanza? Ndiyo. Dar? Ndiyo. Huko wanakotoka wapimaji, ng'ambo ya bahari? Ndiyo, baba. Kwa zamu? Hapana, wote kwa mara moja, hata sasa hivi. Nilikuwa namchungulia kati ya majora, Mungu anisamehe, na nilimwona mdomo umeachama kama mtoto aliyeona treni kwa mara ya kwanza. Mimi niliyekaa na mashine hii miezi yote nikaiona upya kupitia kwake. Mtu aliyezaliwa chini ya paa la nyasi Songwa, siku ya mvua, jina lake sasa hivi liko kila mahali, na yeye yuko hapa na mabuti ya tope.

Kisha akauliza lile nililoliogopa. "Na mkwe? Yeye analisema?"

Mama mkwe akanigeukia. Nikajibu nikitazama sakafu. Nikamwambia, "Sijalitamka hata mara moja, mama. Ni mashine."

Mzee akakigonga kioo kidogo kwa ukucha. Akasema, "Mashine haijaolewa kwangu. Iacheni iseme."

Mama Imran akaziba mdomo kwa mtandio. Mama mkwe alicheka wazi, mabega yakitetemeka, na mimi machozi yakanitoka nikiwa nacheka huko huko nyuma. Mzee yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kama jina linaweza kuongezwa ukubwa, maana picha ya mifuko imelizidi.

Tukakata laini haraka. Nikawa nasali kimoyomoyo yule mtu asiwe ameshapiga. Mzee alirudi kwenye kiti, akaanza kumweleza Mama Imran habari za ng'ombe ambazo angependa zitajwe, na katikati ya ng'ombe simu ikalia.

Mama Imran akanisukumia mkono wa simu.

"Nani mwenzangu?"

Sauti ile ile. Na mimi, nikiwa na mzee hapo hapo, hatua chache tu, ikawa ngumu mara kumi zaidi ya wiki iliyopita. Mashine imeruhusiwa, mimi sikuruhusiwa, na wala sikutaka kuruhusiwa. Nikasikia, "Haloo? Mama, jina tafadhali."

Mzee akakatisha habari za ng'ombe. Akamuuliza mama mkwe mtu wa kwenye simu anataka nini. Mama mkwe akamwambia, anauliza jina. Mzee akasimama. Mimi nikauweka mkono wa simu juu ya jora la amerikani na kurudi nyuma, maana sisi hatupeani kitu mikononi. Akauchukua akaushika kichwa chini. Mama Imran akaugeuza.

Nadhani Songwa nzima walimsikia. Alilitaja jina lake, lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga. Kisha akasema, "Mwenye jina ni mimi. Mifuko anashona mkwe wangu, yuko hapa. Yeye hawezi kulisema, ana heshima. Usimuulize jina tena, muulize mifuko."

Akauweka mkono wa simu pale pale juu ya jora. Nikasogea nikauchukua. Ulikuwa bado una joto la kiganja chake.

Nikadhani imekatika tena. Kisha yule mtu akasema taratibu, kwa sauti nyingine kabisa, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba. Akasema yeye kwao ni Magu, Msukuma mwenzetu, na mama yake mpaka leo hamtaji babu. Akaniuliza mifuko. Nikamwambia mshono ni wa mara mbili chini, kamba inashonewa na haichomoki, kitambaa hakipitishi vumbi. Hapo mdomo ulifunguka wenyewe, ungedhani ni bomba. Tukakubaliana. Lori lao litapita kuchukua mzigo wa kwanza kabla wapimaji hawajaingia porini. Akamalizia kwa ombi moja: kila mfuko upigwe jina, ili wajue umetoka kwetu na si kwa dalali.

Nikamweleza mama mkwe, mama mkwe akamweleza mzee. Mzee akauliza mifuko hiyo inatiwa nini. Udongo wa dhahabu, baba, akasema Mama Imran. Akavuta koti lake likae sawa mabegani. Alipotoka nilimwona anasimama chini ya waya wa simu, anautazama unavyokwenda nguzo hadi nguzo mpaka reli, na mama mkwe akilazimika kumvuta mkono wasikose lori.

Wameondoka. Duka linakaribia kufunguliwa tena, na nasikia watu wanabisha nje.

Nimekaa hapa najiuliza heshima yangu inakaa wapi. Ingekuwa kwenye maandishi, basi tangu kiangazi nimekuwa mkosaji. Naona iko mdomoni, na huko nataka ibaki. Sitalitamka jina hilo, hata mzee akifa, hata wajukuu wakiniona mshamba. Nitasema maji ya juu mpaka niingie kaburini.

Ila mpaka leo kila kitu kwenye ukurasa huu nimekiandika mwenyewe isipokuwa hilo. Mama Imran amekwenda kufungua mlango. Kitambaa leo sikukiweka kwenye kioo na sitakirudisha. Mashine imeruhusiwa, na vidole vyangu leo ni sehemu ya mashine. Nageuza uso ukutani kidogo, natafuta herufi moja moja.

Veronika Mabula